Kicheko Alichokibana Mwamini

Kuna wakati Mwamini alikuwa akikaa upande mmoja wa benchi, waliokaa upande wa pili wananyanyuka bila kuombwa. Benchi la barazani kwa shangazi yake Bi Moza, kule Nkowe, lilikuwa limepinda katikati kama mgongo wa punda, na mgeni yeyote aliyeuliza limepatwa na nini alitajiwa jina la mtu mmoja tu.

Ukubwa ule hakuuonea haya. Pale Nambambo, alikozaliwa na anakoishi mpaka leo, akibangua korosho na kwenda kuziuza Nachingwea mjini kwa vikombe, mwili wake ndio uliokuwa anuani. Ukipotea njia unauliza nyumba ya yule mama mnene, hata mtoto anayejifunza kuongea anakunyooshea kidole. Mnadani watu walimpisha. Kwenye ngoma za wanawake akiingia uwanjani, vumbi lilisogea kwanza, yeye akafuata.

Aliyeupenda mwili ule kuliko wote, kwa namna yake ya kuutukana, alikuwa Masoudi.

Masoudi ni mtoto wa Bi Moza. Bi Moza na baba yake Mwamini ni tumbo moja, kwa hiyo wao wawili ni mabinamu, na kwao binamu ni mtani: mtu mwenye ruhusa ya kukutukana mbele ya mkweo, kukunyang'anya kitoweo na kukumwagia majivu msibani, na ukikasirika aibu ni yako. Binamu humwiti kaka, naye hakuiti dada. Mnaitana mke na mume, mnatishiana talaka, na Saada, mke wa Masoudi wa kweli, anapepeta mchele wake pembeni huku anacheka.

Jina la Tingatinga alilitoa Masoudi. Wazee wa Nachingwea walikuwa hawajaacha kusimulia mitambo ya Waingereza waliokuja kulima karanga, wakang'oa misitu kwa kelele nyingi, karanga zikawashinda, wakaondoka.

"Waingereza walikusanya vyuma vyao vyote wakarudi kwao," Masoudi alikuwa akiwaambia wageni. "Wakasahau kimoja Nambambo. Hiki hapa. Kinatumia ugali badala ya dizeli."

"Afadhali mimi nilisahauliwa na Waingereza," Mwamini alimjibu. "Wewe ulisahauliwa na mama yako. Alitengeneza kichwa, akachoka, mwili akaubandika tu."

Hapo Bi Moza huwatupia kandambili, moja kwa kila mmoja, na hakuwa mtu wa kukosa shabaha.

Likizo zote za shule Mwamini alizimalizia kwenye uwanja ule. Asubuhi yeye na Masoudi huingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni vyembamba ambavyo mizizi yake unaifuata ardhini mpaka unasahau ulikoanzia. Mwamini huchimba, Masoudi huimba. Wakati wa kurudi Mwamini hubeba kikapu kichwani na Masoudi mgongoni, kwa sababu Masoudi amechomwa na mwiba. Alichomwa na mwiba kila likizo, mguu uleule, mahali palepale. Bi Moza anawachemshia ming'oko kwa chumvi, wanakula mpaka wanalala palipo na sufuria, na shangazi anampapasa mpwa wake tumbo akisema, "Hili ndilo ghala langu."

Mkojo ulianza kumtoroka baada ya mtoto wa nne, mwili nao ukizidi kupanda. Mwanzoni ilikuwa akikohoa. Kisha akiinua ndoo. Kikohozi alijifunza kukivizia, na chafya aliibana puani mpaka macho yakamtoka. Kicheko kilimshinda. Kicheko hakipigi hodi.

Akawa fundi wa kuficha. Alichana khanga kuukuu vipande, akajikunjia. Akachagua nguo za rangi nyeusi. Kwenye sala alitawadha vizuri, akirukuu tu udhu umekwenda, anaanza upya mpaka wenzake wanamaliza. Na popote alipokwenda alibeba chupa ya maji isiyofungwa vizuri. Siku aliposhuka kwenye bodaboda akaacha kiti kimelowa, alimwonyesha kijana ile chupa, "Ona sasa, mwanangu, imenimwagikia," na kijana akampa pole kwa maji yaliyopotea.

Chupa ile ilimwokoa mara nyingi, ila siku ya harusi ya Hadija, binti mkubwa wa Masoudi, ilimwokoa vibaya. Wakwe wamejaa uwanjani Nkowe, mama wa bwana harusi amemkalisha Mwamini kwenye mkeka mpya, na Masoudi anasimama kutambulisha ukoo.

"Huyu," akasema, "ni mke wangu mkubwa. Mkubwa kwa maana zote mnazozijua. Gari lililomleta limebaki pale Ruangwa, springi zake zinafungwa bandeji."

Mwamini alicheka kabla hajakumbuka kutocheka. Alipohisi joto linashuka alipindua chupa mapajani. Watu wakaona maji, na Masoudi, bila kujua hili wala lile, akapaza sauti:

"Jamani, Tingatinga limevuja rejeta!"

Uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Mwamini naye alicheka nao, na kadiri alivyocheka ndivyo ilivyozidi, mpaka chupa ikaisha maji na yeye bado. Alirudi Nambambo jioni ile akiwa amejifunga khanga tatu. Hakukanyaga tena Nkowe.

Miaka minne. Mara palizi, mara msimu wa korosho, mara goti. Bi Moza alimpigia simu kila baada ya sala ya Ijumaa.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, shangazi. Kazi tu."

"Kazi gani hiyo isiyokuwa na Jumapili?"

Aliyekuja kuvunja siri ni nguo za kufua. Amna, bintiye anayeishi Dar es Salaam, alikuja likizo, akataka kumsaidia mama yake, akatoa chini ya kitanda beseni lililojaa vipande vya khanga.

"Mama, mna mtoto mchanga humu ndani?"

Mwamini alikaa kitandani akamweleza. Aliongea akitazama ukuta. Amna alizifua zote, akazianika ndani, na wiki iliyofuata wakaondoka pamoja kwenda hospitali Dar es Salaam.

Ilichukua mwaka na zaidi: kupimwa sukari, kufundishwa kula, kufundishwa kubana na kuachia misuli ya chini kama anayezuia haja. Alibana hata akiwa anabangua korosho. Mwisho daktari akachukua kalamu, akachora mfuko wa chakula kama kibuyu, akapiga mstari, kibuyu kikabaki chembamba kama ndizi. Uzito huu, alisema, unakikandamiza kibofu usiku na mchana. Ukipungua, mara nyingi mkojo nao hutulia, ingawa siwezi kukuapia. Na sikiliza mama, ukila mafuta au sukari kwa wingi utakimbia chooni, na ngozi haitarudi yote. Mwamini alisikia neno mkojo, mengine yakapita.

Baada ya upasuaji mwili uliondoka kama wageni wa msiba: kidogokidogo, kisha kwa mkupuo. Mwezi wa nne alikohoa akiwa anafagia, akasimama kusikilizia. Pakavu. Akakohoa tena makusudi, kwa nguvu, kuku wakakimbia. Pakavu. Siku hiyo alisali adhuhuri kwa udhu mmoja, na ule udhu ukamfikisha alasiri.

Lakini kioo kilimletea mtu asiyemjua. Ngozi ya mikono ilining'inia kama nguo iliyoanikwa ikasahauliwa. Tumbo, lile ghala la shangazi, lilikunjika chini ya kitovu kama mfuko wa rambo uliokwishatolewa vitu. Mnadani hakuna aliyempisha. Alikanyagwa, akaombwa radhi na watu waliomwita bibi. Kuna siku alijifungia, akalivaa gauni lake la zamani la harusi ya Hadija, akalishika kwa mbele, akalinyoosha mpaka pale mwili ulipokuwa unafika. Alisimama hivyo kwa muda, kama mtu aliyehama nyumba akipita kuangalia wapangaji wapya wameweka mapazia gani.

Na habari ya kisu hawakumwambia mtu. Walikubaliana na Amna kusema amekwenda kutibiwa sukari. Kwa hiyo majirani walijitungia: kaanza dozi, amechelewa, amebakiza miezi tu. Aliyethubutu kumsema usoni ni Zipora, mke wa mfugaji Mabula, waliohamia Marambo na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, ambaye humletea maziwa.

"Mama Amna, kwetu ng'ombe akikonda hivi tunamuuza kabla jirani hajajua."

"Mnamuuzia nani?"

"Watu wa huku. Nyie ng'ombe hamumjui."

Mwamini alitabasamu kwa midomo tu. Ndivyo alivyozoea. Alikuwa mkavu miezi mitano sasa, lakini ukavu wake ulikuwa wa tahadhari; kicheko kikija alikibana kooni na chini kwa pamoja, kikarudi kilikotoka. Na alijua ni mahali pamoja tu duniani ambapo kingeweza kufunguliwa. Alipanga kwenda Nkowe akitoka Dar es Salaam kwenye kliniki ya mwezi wa tisa. Akiwa huko kwenye foleni ya kliniki, Saada akapiga simu. Bi Moza alikuwa amefariki alfajiri, na walikuwa wanazika kabla ya adhuhuri.

Kilichobaki ni arobaini.

Mtani aliyekosa maziko ana kesi. Hufungwa kamba, hupakwa masizi, huburutwa kwenye vumbi mpaka atoe sauti ya kuomba msamaha. Njia nzima, kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa, na kutoka Ruangwa juu ya bodaboda mpaka Nkowe, Mwamini aliitamani kesi ile kuliko chakula. Masoudi akimtukana kama zamani, yeye bado ni Mwamini. Alikuwa ameandaa matusi matatu mapya, na alikuwa ameamua kwamba akicheka, atacheka yote, liwalo na liwe.

Aliingia uwanjani saa nne asubuhi. Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu saumu waliacha kumenya. Alipotoa salamu, Saada ndiye aliyemtambua, kwa sauti, akajiziba mdomo. Masoudi alitoka barazani. Nywele zilikuwa zimempungua, kichwa kimebaki vilevile. Alimtazama toka juu mpaka chini, akavua kofia.

"Karibu, dada," akasema.

Mwamini alidhani hakusikia vizuri.

"Umeniitaje?"

"Karibu, dada. Pole na safari. Saada, mletee dada mto aegemee."

Mwamini akatupa tusi la kwanza. "Hicho kichwa bado hakijaacha kukua? Mama yako kaondoka, nani sasa atakusaidia kukibeba?"

"Alhamdulillahi, dada. Tunashukuru."

Akatupa la pili, kuhusu upara. Masoudi aliinamisha macho. La tatu alilimeza mwenyewe. Kote uwanjani watani wengine walikuwa kazini: kijana mmoja amepakwa unga wa muhogo uso mzima, mzee mmoja amenyang'anywa kiatu na hataki kunyamaza. Kwake walipita kwa kunyata, wakimpa pole kwa sauti ya wodini. Alikalishwa kwenye mto kama yai.

Wakamlisha. Saada alileta supu yenye mafuta yanayoelea, chapati mbili na chai ya maziwa iliyokuwa nzito kwa sukari. "Kula, wifi, upate nguvu." Macho yote yalikuwa kwenye bakuli. Mwamini alijua vijiko vitatu vinamtosha. Alijua pia kwamba akiacha, watu watasema ndiyo hivyo tena, hata kula hawezi. Akala. Alikunywa supu mpaka chini, akamaliza chapati moja, na chai akaishusha yote, akawaonyesha kikombe kitupu kama mtoto.

Kiama kilichukua dakika kumi na tano kufika. Wanaume walikuwa wamemaliza kusoma khitma na Shehe Kaimu anaanza dua. Moyo wake ulianza kwenda mbio, jasho likamtoka mpaka kwenye kope, tumbo likajisokota. Alinyanyuka, akatembea, kisha akakimbia. Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, kimezungushiwa ukuta wa nyasi. Alifika, ingawa si kwa ukamilifu. Khanga ya ndani ilikuwa imetangulia kupata habari.

Alipomaliza alisimama, akaanza kuisuuza khanga kwa maji ya kopo. Sauti ya Shehe Kaimu ilimfikia vizuri kabisa kupitia kwenye nyasi.

"Mrehemu mama yetu Moza, umpanulie kaburi lake…"

"Amin."

"Na dada yetu Mwamini, mgonjwa wetu, aliyejikongoja mpaka hapa kuja kutuaga, mpe shifaa…"

"Amin."

"Na kama saa yake imefika, basi mwepesishie, wala usimtese…"

"Amin!" Kwa sauti ya Masoudi peke yake, imekatika katikati.

Mwamini alisimama na kopo mkononi na khanga mbichi mkono wa pili, mzima wa afya, anaombewa kufa vizuri. Kikaja. Alikibana kooni, akakibana chini, kama alivyofundishwa na kama alivyojifundisha. Kikapenya. Alicheka kile kicheko cha zamani, cha kutikisa benchi, kikatoka kwenye mwili ule mdogo kama kimekosea nyumba. Dua ikakatika. Alicheka akashika nguzo. Kilipopungua alitulia akajipapasa, taratibu, kwa hofu.

Pakavu.

Miguu ilikuja mbio.

"Dada! Saada, njoo, anakata roho humu!"

"Masoudi," alisema Mwamini, "nisipokufa kwa ugonjwa nitakufa kwa dua zenu."

"Unaweweseka, dada."

"Siumwi!"

"Kila mgonjwa anasema hivyo."

"Nimepunguzwa mfuko wa chakula. Kwa kisu, hospitali, Dar es Salaam. Kwa hiari yangu mwenyewe."

"Wamekupunguza tumbo?" aliuliza Masoudi. "Kwa nini? Nani alilalamika?"

Hakulitegemea swali hilo. Aliliangalia kopo. Ukuta ule wa nyasi ukamsaidia. Kuna mambo yanasemeka vizuri kwa mtu usiyemwona.

"Nilikuwa navuja, Masoudi. Mkojo. Nikicheka tu. Siku ya harusi ya Hadija hayakuwa maji ya chupa."

Alimsikia akikaa chini, kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Na mimi nikasema rejeta."

"Ukasema."

"Mbele ya wakwe. Kwa hiyo miaka minne hukuja kwa sababu ya mdomo wangu."

"Kwa sababu ya mkojo wangu. Mdomo wako nimeuzoea tangu mtoto."

"Mama alikuwa anauliza. Kila akikata simu, anatuuliza: mnadhani nilimwambia nini mtoto wa watu?"

Kitu kilimpanda Mwamini kifuani, na safari hii hakikuwa kicheko.

"Dada," alisema Masoudi.

"Ukiniita dada tena nitakuzika wewe."

Akamsikia akivuta pumzi, na akaitambua pumzi ile. Ilikuwa ya mtu anayepandisha mikono ya shati.

"Sawa, mke wangu. Basi nijibu: hiyo ngozi umeiazima kwa nani? Maana mwenyewe ni mkubwa kuliko wewe. Akija kuidai utatembea na mifupa?"

"Nyamaza, chizi wewe."

"Na dua yetu sasa? Imeshapanda, mwanamke. Huko juu wamefagia, wametandika, wanakusubiri wewe. Tumpeleke nani?"

"Nenda wewe."

"Mimi kichwa hakipiti mlangoni!"

Kutoka uwanjani ukasikika mlipuko wa kicheko. Kumbe arobaini nzima ilikuwa imesogea kusikiliza, Shehe Kaimu akiwa mbele. Saada akarusha khanga kavu juu ya ukuta. Mwamini hakuivaa. Aliuzika uso ndani yake, maana ni kama Bi Moza alikuwa amemfia sasa hivi, na mabega yote yalikuwa yanamtikisika. Masoudi alilijua hilo, kwa sababu hakuingia wala hakumwambia anyamaze. Alibaki juu ya kinu, akaendelea kumtukana kwa sauti ya chini, tusi moja baada ya jingine, bila haraka, mpaka alipomsikia anapenga kamasi.